Merikebu za matanga ziwani: tamasha huendeshwaje, na kwa nini Ziwa Nyasa lina kalenda yake

Fika Matema alasiri ya mwezi wa Julai. Utakuta mawimbi yanavunjika mchangani kama ya pwani wakati wa kusi, mitumbwi imevutwa mbali na maji, na wavuvi wanatengeneza nyavu wakisubiri. Rudi hapohapo katikati ya Oktoba saa mbili asubuhi, na huenda ukayakuta maji yamelala hata Milima ya Livingstone inajitazama ndani yake. Ziwa ni lilelile, ufuko ni uleule. Anayetaka kuelewa safari za matanga kwenye ziwa kubwa aanze na tofauti hiyo ya miezi mitatu, kwa sababu mambo mengine yote yanaifuata.

Picha za matamasha ya merikebu za matanga huko Amerika Kaskazini zinavutia: milingoti mirefu, bendera, watu wamejipanga gatini. Swali la mtu wa Mbeya, Tukuyu au Kyela linakuja lenyewe: kwa nini jambo hilo lisifanyike Ziwa Nyasa? Linawezekana, lakini kwanza tutenganishe vitu ambavyo kwenye picha vinaonekana kama kitu kimoja.

Tuanze na majina. Sisi tukisema Maziwa Makuu tunamaanisha Victoria, Tanganyika na Nyasa. Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini ni Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario, na hayo yana njia ya kuingilia kutoka baharini. Tangu 1959 meli inapanda kutoka Atlantiki kwa mto wa Saint Lawrence, kisha inavuka Mfereji wa Welland, ambao una vyumba vinane vya kuinulia meli. Vyumba hivyo huipandisha karibu mita 100 ili iyakwepe maporomoko ya Niagara. Kwa hiyo merikebu ya Ulaya inaweza kufika hadi Duluth, mwisho kabisa wa Ziwa Superior.

Merikebu ya matanga pia si aina moja ya chombo. Ni jina la jumla la chombo kikubwa chenye milingoti na matanga ya mtindo wa zamani. Ndani ya jina hilo mna makundi mawili makubwa. Moja lina matanga ya mraba yanayoning'inia kwenye foromali, boriti zilizokatisha mlingoti. Hayo hupenda upepo wa nyuma na hudai mabaharia wengi wa kupanda juu. Mfano ni Niagara ya mji wa Erie, merikebu ya milingoti miwili iliyojengwa upya mwaka 1988 kwa kufuata ile iliyopigana Ziwa Erie tarehe 10 Septemba 1813. Kundi la pili ni skuna, ambazo matanga yake yamefungwa nyuma ya mlingoti, yakielekea omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo. Skuna hubisha vizuri, yaani huenda dhidi ya upepo kwa kukata kushoto na kulia, na watu watano au sita wanaimudu. Ndiyo maana skuna zilitawala biashara ya maziwa yale katika karne ya 19, na ndiyo maana vyombo vingi vinavyobeba wageni kwa matembezi leo ni skuna.

Jahazi letu liko wapi hapo? Tanga lake la pembe tatu lina nguvu na uzuri wake, ila kuligeuza ni kazi. Ili kubadili upande, chombo hugeuzwa tezi kwenye upepo na foromali yote huzungushwa mbele ya mlingoti. Katika safari ya siku mbili kwenda Zanzibar hilo halisumbui. Katika matembezi ya saa mbili ndani ya ghuba ndogo, yenye abiria thelathini sitahani, linasumbua sana.

Mambo matatu ndani ya tamasha moja

Mtu akisema tamasha la merikebu anazungumzia shughuli tatu, na kila moja ina hatari yake na idadi yake ya watu.

Ya kwanza ni kutembelea chombo kikiwa kimefungwa gatini. Hapa ndipo watu wengi hupita. Chukua merikebu ya mita 30 ambayo sitaha yake inachukua watu 60 kwa raha. Kila mmoja akikaa dakika 15, kwa saa moja watapita 240, na kwa siku ya saa saba ni 1,680. Wakija 3,000, foleni itakwama, na msimamizi atashawishika kupakia 100 kwa pamoja. Hapo ndipo mambo huharibika. Dawa yake ni ngazi mbili, ya kupandia omo na ya kushukia tezi, na mtu mmoja katika kila ngazi mwenye kihesabio mkononi. Ngazi iwe na magurudumu upande wa gati, kwa sababu chombo hakitulii. Hata ziwani kina cha maji hubadilika: upepo ukivuma muda mrefu kuelekea upande mmoja husukuma maji yakarundikana huko. Ziwa Erie, ambalo ni la kina kifupi, limewahi kupandisha maji zaidi ya mita 2 kwenye ncha moja kwa namna hiyo.

Ya pili ni matembezi ya matanga kwa umma, safari ya saa moja na nusu hadi mbili na kurudi mahali palepale. Ya tatu ni mafunzo: vijana wanapanda kama mabaharia wanafunzi, wanashika zamu, wanalala chomboni. Shirika la Tall Ships America, ambalo huandaa mbio za merikebu kutoka bandari hadi bandari, lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya mafunzo haya. Tamasha lilikuja kama njia ya kuyalipia. Jambo hilo mara nyingi halionekani kwa mtazamaji, kwamba tiketi za gatini ndizo hulipa kamba, matanga na rangi.

Gharama zenyewe si ndogo. Mwaka 2016 chombo cha Norwei cha mtindo wa Waviking, Draken Harald Hårfagre, kilifika maziwa yale ya Amerika kwa ajili ya matamasha hayo na kukuta sheria inakilazimu kuajiri marubani wa maji wa eneo hilo. Makadirio ya ada za urubani yalifika kama dola 400,000. Waandaaji hawakuwa wameliweka hilo kwenye hesabu.

Hesabu ya watu ni hesabu ya uzito

Hapa tukae kidogo, maana ndipo roho za watu zilipo.

Tarehe 2 Oktoba 2005 boti ya utalii iitwayo Ethan Allen ilipinduka Ziwa George, jimbo la New York. Hapakuwa na dhoruba. Ilibeba abiria 47, wengi wao wazee, na 20 walikufa. Cheti chake kiliruhusu 48, kwa hiyo kwa karatasi haikuzidisha mtu hata mmoja. Uchunguzi ulionyesha kwamba idadi hiyo ilitokana na makadirio ya zamani ya kilo 63.5 kwa kila mtu, na kwamba kwa uzito halisi boti ile ilistahili kubeba 14 tu. Marekani ilibadili kipimo chake, na tangu Desemba 2011 mtu mmoja huhesabiwa kilo 84.

Fanya hesabu hiyo kwa abiria 40. Kwa kipimo cha zamani ni kilo 2,540, kwa kipimo kipya ni 3,360. Tofauti ni zaidi ya kilo 800, bila jina moja kuongezeka kwenye orodha. Tena uzito huo si shehena iliyolala ngamani, chini kabisa ya chombo. Unasimama, unatembea, na ukisikia “tazameni kiboko!” unakimbilia upande mmoja. Watu 40 wakisogea mita moja na nusu kwenda kushoto, nguvu inayokilaza chombo ni sawa na kusogeza lori dogo lenye tani tatu na zaidi. Sisi tunaijua habari hiyo kwa uchungu. MV Nyerere, kivuko kilichoruhusiwa abiria 101, kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia gati la Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa.

Jaribio la kupima hilo ni rahisi na halihitaji kompyuta. Chombo kinafungwa mahali patulivu, kamba zikiwa zimelegea. Unapakia gunia za mchele, kwa watu 40 ni gunia 34 za kilo 100, juu ya meza au kreti ili kitovu cha uzito kiwe kama sentimita 75 juu ya sitaha, kwa sababu binadamu habebi uzito wake miguuni. Kisha unazisogeza zote upande mmoja, hadi pale ambapo abiria wangeweza kufika. Timazi yenye kamba ya mita 1 inaning'inizwa ndani ya chombo. Ikisogea sentimita 25, chombo kimelala nyuzi 14, na kwa kanuni za Marekani za boti ndogo za abiria hapo ndipo kikomo. Wakati huohuo unaangalia ukingo: sitaha isiwe imepoteza zaidi ya nusu ya kimo chake juu ya maji. Chombo cha matanga kinapimwa zaidi ya hapo, maana upepo nao unakilaza. Upepo ukitoka kilomita 15 kwa saa hadi 30, msukumo wake kwenye tanga haujawa mara mbili, umekuwa mara nne.

Kwa Tanzania, usajili na ukaguzi wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Cheti cha chombo huandika idadi ya abiria, na idadi hiyo inahusu chombo kama kilivyokaguliwa. Ukiongeza paa la kivuli, viti vya juu au jenereta sitahani, umepandisha uzito juu, na jaribio la awali halina maana tena.

Ndani ya saa mbili

Abiria hufika nusu saa kabla. Wanahesabiwa gatini, wanahesabiwa tena sitahani, na namba mbili zisipolingana chombo hakiondoki. Baharia anaonyesha jaketi okozi linavyovaliwa, akilivaa mwenyewe badala ya kuelekeza kwa kidole. Kwenye maziwa baridi kama Superior aangukaye majini huishiwa nguvu kwa ubaridi upesi. Nyasa maji yana joto la nyuzi 23 na kuendelea karibu mwaka mzima, kwa hiyo anayeanguka ana muda mrefu zaidi, ila muda huo unamfaa tu akiwa ameshikiliwa na jaketi. Watoto walivae tangu gatini.

Chombo hutoka kwa injini. Wapo wanaoona injini ni kuvunja desturi, nasi hatukubaliani nao: chombo chenye abiria wasiojua kuogelea hakina sababu ya kutoka gatini kwa tanga peke yake. Kikifika nafasi ya wazi, omo huelekezwa joshini, upepo unakotoka, ili tanga lisijae kabla halijapanda. Abiria huitwa kuvuta henza, kamba za kupandishia tanga. Tanga la skuna lina boriti juu na chini, na boriti ya juu ina henza mbili, moja karibu na mlingoti na nyingine kwenye ncha. Timu mbili zivute sawasawa. Ya ncha ikitangulia, boriti inabana kwenye mlingoti na kila kitu kinakwama nusu njia huku tanga likipigapiga. Sababu ya kukwama karibu kila mara ni hiyo. Watu huilaumu kapi bure.

Tanga likipanda, demani, kamba inayolishika tanga, inalegezwa kidogo na chombo kinaanza kulala na kwenda. Hatari kubwa ya katikati ya safari ni boriti ya chini inapovuka kwa ghafla upepo ukiwa nyuma. Inapita kwa kimo cha kichwa na haionyi. Kwa hiyo abiria huketishwa kabla ya kila zamu ya kugeuka, na nahodha hutaja kwa sauti upande tanga linakohamia. Tanga hupunguzwa mapema, upepo ukikaribia kilomita 30 kwa saa. Ukiona mabaharia wanapunguza tanga wakati abiria wameshaanza kushika kuta, wamechelewa.

Kurudi ni kinyume chake: tanga linashuka mbali na gati, watu wanahesabiwa, kisha injini.

Ziwa Nyasa

Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, upana usiozidi 75 au karibu, na kina cha kama mita 700. Limelala kama mfereji kutoka kusini kwenda kaskazini, na milima pande zote. Kuanzia Mei hadi Agosti mwera huvuma kutoka kusini-mashariki, na milima huuelekeza ufuate urefu wa ziwa. Wimbi hukua kwa mambo matatu: nguvu ya upepo, muda wake, na urefu wa maji unayopita. Huku urefu wa maji ni mamia ya kilomita, na mwisho wa njia hiyo ni sisi, Kyela na Matema. Mawimbi yaliyoanza kujengeka mbali upande wa Malawi na Msumbiji yanamalizikia mchangani kwetu. Mabaharia wangeuita ufuko wa Matema ufuko wa demani, yaani wa upande upepo unakoelekea: injini ikizimika, upepo wenyewe unakupeleka kwenye mawimbi yanayovunjika. Tena ukitegemea nanga upande wa Ikombe, ambako mlima umeingia ziwani karibu wima, kina kinazidi kamba upesi. Nanga inahitaji kamba ndefu mara tano hadi saba ya kina ndipo ishike.

Mwera si wa kudharau hata kwa meli. MV Vipya, iliyokuwa mpya kabisa, ilizama upande wa Malawi kwenye dhoruba ya Julai 1946 na zaidi ya watu 140 wakafa.

Kwa hiyo tarehe zinazokuja haraka akilini ni mbaya. Nane Nane, watu wakiwa wamejaa viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, ingeonekana siku ya faida, na likizo ya Juni vilevile. Zote ziko ndani ya mwera. Machi hadi Mei Kyela hunyeshewa kuliko sehemu nyingi za nchi, na kuanzia mwishoni mwa Novemba ngurumo huleta upepo wa ghafla unaoshuka milimani bila dalili ndefu. Inabaki Septemba hadi katikati ya Novemba, na siku ya mapumziko ya kitaifa ya tarehe 14 Oktoba imekaa katikati ya dirisha hilo.

Hata katika dirisha hilo, saa zina maana. Usiku hewa ya baridi hushuka kutoka milimani kwenda ziwani. Asubuhi hutulia, na jua likipanda nchi kavu hupata moto na kuvuta hewa ya ziwani. Alasiri upepo huo wa kutoka ziwani unaweza kujiunga na mabaki ya mwera. Anayetaka matanga anahitaji upepo kiasi, kwa hiyo safari ya kwanza isiondoke kabla ya saa tatu asubuhi, na ya mwisho iwe imefunga kamba kabla ya saa saba mchana. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, siku hiyo ni ya gatini tu.

Chombo kitatoka wapi? Merikebu ya kigeni haiwezi kufika. Mto Shire unaotoka ziwani una maporomoko, na tangu Ilala, meli ya mvuke ya mwaka 1875, meli za mwanzo ziliingia ziwa hili vipandevipande na kuunganishwa ufukweni. Hermann von Wissmann ya Wajerumani ilikuja hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ndiyo iliyoshambuliwa na Waingereza ikiwa imepandishwa nchi kavu Liuli tarehe 13 Agosti 1914, shambulio la mapema kabisa la Vita vya Kwanza kwenye maziwa ya Afrika. Mji wa Erie umejenga utalii mzima juu ya vita vya 1813. Liuli ina yake, na wachache wanaiuliza.

Kujenga hapahapa si ndoto. MV Ruvuma, MV Njombe na MV Mbeya II zimeundwa Kyela na kampuni ya Songoro Marine. Skuna ya chuma ya mita 18 hadi 20 ni kazi ndogo kuliko hizo.

Ila iundwe kwa bandari yake. Itungi inajaa mchanga na tope linaloletwa na mito, na mkuku mrefu, yaani uti wa chini wa chombo unaozama sana, utakwama. Hapa skuna za kale za Amerika zinatufundisha kitu cha maana, kwa sababu nazo zilitumia bandari za midomo ya mito zenye kina kifupi. Mafundi wao waliweka ubao mzito katikati ya mkuku, unaoshushwa kwenye maji marefu ili chombo kisisukumwe kando na upepo, na kupandishwa wakati wa kuingia bandarini. Mabaharia wa huko waliuona kama kitu cha kawaida kabisa.

Ikiwa ni ya mbao, maji baridi yana faida na hasara. Funza wa baharini anayetoboa majahazi hayupo. Lakini mbao huoza mapema, hasa kwa maji ya mvua yanayotuama kwenye maungio ya juu, na mvua za Kyela hazina huruma. Mafundi wa maziwa ya Amerika walijaza chumvi ya mawe katikati ya mbavu za merikebu ili kuzuia uozo huo. Farumi, uzito wa kutuliza chombo, nayo ihesabiwe upya, kwa sababu maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari kwa asilimia mbili na nusu, na chombo hukaa chini zaidi kidogo.

Kwa mwaka wa kwanza, tungeshauri chombo kimoja kilichofungwa gati la Kiwira au Itungi kwa siku mbili, watu wakipanda na kushuka bure au kwa bei ndogo, soko la vyungu vya Wakisi likiwa pembeni, na safari nne tu za matanga kwa siku, za dakika 45, abiria 20 kila moja. Boti ya injini isiyo na abiria isindikize kila safari. Siku tatu kabla, safari zote nne zifanywe na mabaharia peke yao, gunia za mchele zikikaa mahali pa abiria, na mtu ufukweni aandike kila robo saa nguvu ya upepo na kimo cha wimbi.